Nikishika maiki natetemeka, nifanyeje?

SWALI: Bwana asifiwe dada. Mi kijana wa miaka 26 nipo Dodoma, mwaka huu nimepewa huduma ya uinjilisti wa vijana kanisani kwetu. Shida nikisimama mbele natetemeka, karatasi inacheza mkononi mpaka waliokaa mbele wanaona. Juzi Jumapili nilijikaza nikahubiri dakika 55 kuhusu imani, nikapiga kelele kweli kweli nikijua ndo upako, kumaliza ibada mama mmoja akanishika mkono akasema mwanangu umehubiri vizuri ila sijajua ulikuwa unasema nini. Siku hiyo sikula. Wenzangu wananiambia niombe tu, Roho atanipa la kusema. Nishauri. Mtumishi Muoga

JIBU: Amina mdogo wangu. Huyo mama mpelekee hata soda, amekusaidia kuliko wote waliokuambia umebarikiwa mtumishi huku wanakimbilia bodaboda.

Kuomba omba, sikukatazi. Ila ule mstari wa Mathayo 10 wanaokupa wenzako, Yesu alikuwa anawaambia watu watakaokamatwa na kupelekwa mbele ya maliwali na wafalme, sio mtu aliyepewa zamu wiki 3 kabla afu Jumamosi usiku yupo kwenye mpira. Na woga sio dhambi, Musa kwenye Kutoka 4 alilalamika kabisa kwamba ulimi wake mzito, akatumwa hivyohivyo akaongezewa Haruni wa kumsemea.

Sasa hiyo karatasi. A4 ndo inakuumbua, ni nyepesi inapepea, andika dondoo zako kwenye kadi ngumu uiweke juu ya mimbari na mkono mmoja ushike mimbari. Ila kabla ya dondoo andika sentensi moja tu ambayo ukizimika umeme katikati ya mahubiri watu wataondoka nayo. "Imani" sio sentensi. Petro alipoanza kuzama Yesu alimshika mkono kwanza ndo akamwambia imani yako haba, hiyo sasa ni sentensi, yule mama akifika sokoni anaweza kumsimulia mwenzie.

Dakika 55 hapana jamani. Hotuba ya mlimani, Mathayo 5 mpaka 7, isome kwa sauti usikimbie, dakika 20 hivi umemaliza yote. Paulo alirefusha kule Troa mpaka usiku wa manane, kijana Eutiko akasinzia dirishani akaanguka kutoka orofa ya tatu, na Paulo alikuwa na uwezo wa kumrudishia uhai, wewe sijui.

Maiki iweke chini kidogo ya mdomo, kama vidole vinne hivi, usifunike kile kichwa chake kwa kiganja na usiisogeze mbele ya spika itapiga yowe. Afu ukishakuwa na maiki kelele za nini? Mi mwenyewe niliwahi kuongea kwenye semina ya wanawake kama dakika 3 nzima maiki imezimwa, kila mtu ananionyesha kwa mkono nikadhani wameguswa, kumbe wananiambia washa, mpaka leo nikishika maiki naigonga kwanza.

Kuna kitu nakipenda cha Toastmasters, hizi klabu za kujifunza kuongea, Nairobi zipo na Dar zipo, na asili yake ni ya kwetu kabisa maana ya kwanza ilianza 1924 kule California ndani ya YMCA, chama cha vijana wakristo. Hotuba zao nyingi ni dakika 5 mpaka 7, na kuna mtu kazi yake kuhesabu umesema "aaa" mara ngapi. Sisi "aaa" yetu ni haleluya na mwambie jirani yako, tukisahau pointi tunawageuza watu waangaliane, majirani wa watu wamechoka! Rekodi mahubiri yako kwenye simu uhesabu mwenyewe, utachukia sauti yako siku mbili tatu, itapita.

Usisubiri zamu ya Jumapili pia. Omba kusoma somo ibadani, ongea dakika 5 kwenye jumuiya, fundisha sandei skuli, watoto hawana unafiki, ukiwachosha wanaamka wanaondoka.

Na siku ukihubiri tena mtafute yule yule mama, usimuulize kama umehubiri vizuri, muulize mama leo umesikia nini.