Ndege Hawa, Si Ndege Hizi

SWALI: Naandaa maelezo ya Kiswahili ya Water Birds, filamu fupi ya Disney ya mwaka 1952. Niseme "ndege wa maji" au "ndege wa majini"? Sentensi yangu ya mwisho ni hii: "Ndege hizi zinaruka na kupiga mbizi kwa kufuata muziki wa Liszt."

JIBU: Sema ndege wa majini. Ndiko waishiko, kama samaki wa baharini na wanyama wa mwituni. Hilo limekwisha.

Ila hiyo "ndege hizi zinaruka" sikuachii. Ndege ni neno la Kibantu, na lilikuwa la kiumbe mwenye manyoya zamani sana kabla ya chombo chenye injini kupewa jina lake. Sarufi ikawatenga: chombo i-/zi-, kiumbe a-/wa-. Ukiniambia "ndege zimetua," namwona rubani, ngazi, na abiria wakiteremka na mabegi. Ukiniambia "ndege wametua," nawaona heroe wa Ziwa Natron, shingo zimeinama, vichwa juu chini, wanachuja chakula kwenye maji ya magadi. Kiambishi kimoja tu ndicho kinachonipeleka uwanjani au ziwani!

Sasa tazama sentensi yako. Filamu hiyo, iliyopata tuzo ya Oscar, inamalizia kwa kuoanisha mwendo wa ndege na Rapsodi ya Kihungaria Namba 2 ya Liszt. Mtazamaji anamwona kiumbe anakunja mbawa na kujitosa majini, nawe unamsomea "ndege zinapiga mbizi." Ndege zikipiga mbizi, bwana, hiyo ni ajali, watu waite waokoaji.

Na si wewe peke yako. Redioni nasikia kila siku "tembo zimevamia mashamba," "kuku zimekufa." Watetezi wao husema eti neno lina umbo la i-/zi-. Basi kijana naye ana ki- kama kiti. Mbona hawasemi "kijana kimefika"? Chenye uhai hufuata uhai wake, si umbo la jina.

Ukisema "kuku zangu" au "ng'ombe zetu," nitanyamaza. Kimilikishi hicho kina wenyewe mwambao, na kimezoeleka. Kitenzi na kionyeshi sivisamehe.

Andika: "Ndege hawa wanaruka na kupiga mbizi kwa kufuata muziki wa Liszt." Na kama umekwisha kurekodi, rekodi upya.