Reli ya Bububu na mitaa ya Michenzani

SWALI: Assalamu alaykum. Ami yangu ameshikilia kwamba Mmarekani aliyejenga reli ya Bububu hapa Unguja ndiye aliyepanga mtaa wa Michenzani mjini Zanzibar, ndiyo maana barabara zake zimenyooka. Kaka anasema ni Wajerumani. Ushahidi tuutafute wapi?
Msomaji, Kikwajuni

JIBU: Waalaykum salaam. Tarehe zinampa haki kaka yako. Reli hiyo ilijengwa na kampuni ya Arnold, Cheney ya New York, ikafunguliwa 1905, maili 7 kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu. Abiria waliacha kuipanda 1922. Mpango wa mji uliozaa majumba ya Michenzani ni wa 1968, wa Hubert Scholz wa Ujerumani Mashariki, na ujenzi ukaanza 1970. Kabla yake mji ulipangwa na Lanchester (1923) na Kendall (1958), ambao barazani hawatajwi kabisa, na si haki.

Hata hivyo ami asipuuzwe, maana reli huacha alama mjini hata kama mhandisi wake hakupanga nyumba hata moja. Kazi yake ni njia: mwinuko, kona, makalvati (mifereji ya maji chini ya njia). Treni haikati kona ya ghafla, kwa hiyo njia yake hupinda taratibu. Mkiona mipaka ya viwanja inafuata mpindo huo, reli ndiyo iliyotangulia. Mkiona njia imekata kiwanja mshazari, kikabaki kipande cha pembe tatu ng'ambo ya pili, basi kiwanja ndicho cha zamani.

Nendeni Nyaraka za Taifa, Kilimani, muombe ramani za mji za kabla na baada ya 1905. Kwa skeli ya 1:2,500, sentimita 4 ni mita 100. Lakini karatasi kuukuu hutanuka na kusinyaa kwa unyevu, kwa hiyo pimeni mstari wa skeli uliochorwa, msitegemee tarakimu. Zilinganisheni ramani kwa alama tatu zisizohama na zilizoachana: Ngome Kongwe, Kanisa la Mkunazini, Msikiti wa Mnara wa Malindi. Msishike ukingo wa maji wa Darajani. Maji yale yalifukiwa, na hapo ndipo wengi hupotea, ramani nzima ikahama.

Jina lililo pembeni mwa mchoro peke yake halitoshi. Someni limeandikwa kama la aliyepima, aliyechora au aliyeidhinisha; mpimaji wa njia huweza kuonekana mpangaji wa mtaa kwa kusomwa haraka tu. Nakilini na namba ya jalada, kwani bila hiyo mchoro huo hamtaupata tena.