Kisigino Kimevimba kwa Nyuma: Maswali Yenu Kuhusu Bursaitisi ya Mguu

SWALI: Dokta habari za kazi. Mimi ni mdada wa miaka 34, kazi yangu ni ya kusimama kutwa nzima na tunatakiwa kuvaa viatu vya kufunika, vigumu kwa nyuma. Huu mwezi wa tatu kisigino cha kulia kinaniuma nyuma pale kiatu kinapogusa, pamevimba kama kuna kitu laini ndani, ikifika jioni panakuwa pa moto. Nilipiga eksirei wakasema mfupa hauna shida, ni bursaitisi, wakanipa dawa za maumivu za siku 5. Nikimeza napata nafuu, zikiisha yanarudi vilevile. Rafiki yangu kaniambia nikachome sindano ya hapohapo kisiginoni, eti inaisha moja kwa moja. Nisaidie, nimechoka.

JIBU: Pole sana dada yangu, na asante kwa kueleza vizuri hivyo. Naanza na hiyo sindano kwasababu ndo imenitia wasiwasi: usiende kuchoma sasa hivi. Ntakwambia kwanini, ila kwanza ujue hicho kilichovimba ni nini.

Bursa ni kifuko chembamba chenye ute kidogo wa kuteleza. Mwilini viko zaidi ya 100, vimekaa sehemu ambazo kano au ngozi inapita juu ya mfupa, kazi yake visisagane. Vikisuguliwa kupita kiasi vinajaa maji, vinavimba na kuuma, hiyo ndo bursaitisi. Kwenye kisigino vinavyosumbua ni viwili. Kimoja kiko ndani, katikati ya mfupa wa kisigino na ile kano nene ya Achilles inayoshuka kutoka kwenye kigimbi. Kingine kiko nje, kati ya kano na ngozi, na hiki cha nje wengi hatuzaliwi nacho, mwili unakitengeneza wenyewe pale panaposuguliwa kila siku.

Kikiwa cha ndani, maumivu yanakuwa ya kina, ukibana kisigino kwa vidole viwili kulia na kushoto mbele kidogo ya kano unaruka, na ukisimama kwa ncha za vidole au ukipanda mlima ndo inazidi. Kikiwa cha nje uvimbe unauona chini ya ngozi tu, laini, unauma kiatu kikigusa na ukivua unapumua. Kwa ulivyoeleza mimi naona kwako ni cha nje, na anayekisababisha unamjua, unamvaa kila asubuhi. Ndo maana dawa hazimalizi kazi, unameza kidonge afu kiatu kinaendelea kusugua masaa nane palepale.

Kwahiyo tuanzie kwenye kiatu. Kama inawezekana vaa viatu vilivyo wazi nyuma kwa wiki 2 au 3 mfululizo, ongea na mkubwa wako kazini na umwonyeshe karatasi ya hospitali. Wakikataa kabisa, tafuta cha kufunika chenye nyuma laini, afu chukua kipande cha sponji nene ukate tundu katikati, ukibandike ili uvimbe ukae ndani ya tundu na kiatu kiegemee pembeni. Weka pia kitu cha kunyanyua kisigino kama sentimita 1 ndani ya kiatu, na weka miguu YOTE miwili, watu wanaweka mmoja wanatembea upande na baada ya wiki wanalalamika kiuno. Kikinyanyuka, kano inalegea na ule ukingo mgumu unagusa sehemu nyingine.

Barafu ifunge kwenye kitambaa, dakika 15, mara 3 kwa siku, hasa ukitoka kazini. Ibuprofeni sikatai, meza baada ya kula, lakini kama una vidonda vya tumbo, shida ya figo, presha au ujauzito usimeze kabla hujaongea na daktari. Jeli ya kupaka ya diklofenaki inasaidia pia kwasababu eneo liko karibu na ngozi, ila kama una ujauzito nayo uliza kwanza.

Maumivu yakitulia anza kunyoosha vigimbi, kigimbi kilichokaza kinaivuta kano ikandamize kisigino muda wote. Simama uegemee ukuta kwa mikono, mguu unaouma uwe nyuma, kisigino chini, kaa sekunde 30, rudia mara 3. Sasa hapa nawaomba muwe makini, kuna lile zoezi la kusimama ukingoni mwa ngazi na kushusha kisigino chini ya usawa, ni zuri kwa matatizo mengine ya kano lakini kwenye bursaitisi ya kisigino linabana kifuko dhidi ya mfupa, nimewaona watu wamelifanya kwa bidii wiki nzima wakaja wanachechemea kuliko mwanzo.

Turudi kwenye sindano. Ile ni steroidi, na ni kweli inashusha uvimbe, rafiki yako hajadanganya. Shida ni kwamba ikiingia kwenye kano ya Achilles au jirani yake inaweza kuidhoofisha, na kano ile ikikatika ni miezi ya plasta au buti maalum na pengine upasuaji. Yaani unatibu kifuko unapoteza kano. Kama baada ya miezi kadhaa ya kufanya haya yote bado hali ni ileile basi daktari wa mifupa aangalie kwa ultrasaundi, na akiamua kuchoma achome huku anaona sindano inaingia kwenye kifuko, afu upumzishe mguu. Atazame pia kama kuna gongo gumu la mfupa nyuma ya kisigino, daktari wa Sweden, Patrick Haglund, alilieleza mwaka 1928, mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Upasuaji wa kulichonga upo lakini ni wa mwisho kabisa.

Usitegemee siku 5 dada. Tatizo la miezi mitatu linaweza kukuchukua wiki kadhaa mpaka miezi kupoa, ila ndani ya wiki mbili za kubadilisha kiatu nategemea uanze kuona tofauti.

SWALI: Mimi ni fundi, miaka 52, nakaa sakafuni nimekunja miguu kutwa. Nina uvimbe kwenye jicho la mguu upande wa nje, ulikuwa hauumi, sasa tangu juzi nilipojikwaruza pamekuwa pekundu, panachoma, na jana usiku nilitetemeka kwa baridi. Nina kisukari. Nimenunua vidonge vya siprofloksasini, je nitoboe nikamue?

JIBU: Kaka yangu usitoboe, na nenda hospitali LEO, usisubiri kesho. Uvimbe wenyewe ni bursa iliyotokana na kukalia mfupa huo sakafuni, hilo lisingekuwa la haraka, lakini wekundu, joto, mkwaruzo na kutetemeka vikikutana maana yake huenda bakteria wameingia ndani ya kifuko, na kwa mwenye kisukari maambukizi ya mguu yanakimbia haraka sana. Watavuta maji kwa sindano safi wapime, ndo wachague dawa. Hiyo uliyonunua mara nyingi sio inayofaa kwa bakteria wa ngozi, afu kundi hilo la dawa lina onyo rasmi la kusababisha kano kukatika, hasa ya Achilles, hasa kwa waliovuka miaka 60 na wanaotumia steroidi. Wapelekee na boksi waone. Ukishapona, kalia mto au kiti kifupi, mfupa usiguse sakafu tena.

SWALI: Nakimbia kila jioni. Asubuhi nikishuka kitandani hatua za kwanza chini ya kisigino ni kama nakanyaga msumari, baadae inapoa. Hiyo nayo ni bursaitisi?

JIBU: Hapana, sidhani. Chini ya kisigino, hatua za kwanza za asubuhi, inapoa ukitembea, hiyo inafanana zaidi na utando wa unyayo uliochoka, tutaujibu toleo lijalo kwa urefu. Kwa sasa punguza kilomita kwa nusu, usitembee pekupeku kwenye sakafu ngumu, na kabla hujashuka kitandani vuta vidole vya mguu kuelekea kwako kwa mkono, sekunde 10 mara 10. Ila ukibana kisigino kulia na kushoto kwa viganja na ukasikia maumivu makali ya mfupa, acha kukimbia kabisa ukapimwe, inaweza kuwa ufa mdogo wa mfupa na eksirei ya siku za mwanzo huwa inaukosa.