Kiini cha yai kimegeuka kijani: ni ugonjwa au ni chakula?

SWALI: Shikamoo daktari. Nafuga kuku wa mayai hapa Kisesa, Mwanza. Dagaa walipopanda bei nikaanza kuchanganya mashudu ya pamba (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta) kwenye chakula. Sasa wateja wananirudishia trei, wanasema mayai yakikaa kiini kinakuwa cha kijani-kahawia. Kuku wenyewe wanakula na kutaga vizuri. Kuna mtu anauza dawa ya mwarobaini, shubiri na pilipili, anasema ini la kuku limeharibika, na kwamba haya ni majani tu, hayana madhara. Niwape?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Usiwape. Kuku wako hawaumwi ini. Tatizo liko kwenye kiroba cha mashudu.

Mbegu ya pamba ina vidoa vidogo vyeusi ndani yake, na humo ndimo ilimo gosipoli, sumu ambayo mmea hujikinga nayo dhidi ya wadudu. Kuku akiila, sehemu yake huingia kwenye kiini, ikashikana na madini ya chuma yaliyomo, na rangi ikazidi kubadilika kadiri yai linavyokaa. Ndiyo maana yai la leo unaliona zuri, lakini likikaa dukani linakuaibisha. Usilichanganye jambo hili na ule mduara wa kijani wa yai lililochemshwa kupita kiasi. Ule hukaa juu juu ya kiini. Rangi ya mayai yako utaiona hata ukipasua yai bichi. Na ukikuta ute una rangi ya waridi, hayo ni mafuta ya pamba yaliyobaki kwenye mashudu.

Acha mashudu hayo leo. Kiini hujengeka kwa siku 10 hivi, kwa hiyo vumilia wiki chache kabla ya kuwaambia wateja kwamba mambo yametengemaa. Badala yake tumia mashudu ya alizeti pamoja na dagaa kiasi, au soya iliyokaangwa. Soya mbichi humzuia kuku kusaga protini. Dagaa waliosagwa wapime kabla ya kulipa: tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, koroga, subiri. Mchanga wa ufukweni walikoanikwa utatulia chini na utajua umeuziwa nini.

Mashudu yaliyobaki wauzie wenye ng'ombe wakubwa, maana vijidudu vya tumboni mwao huipunguza makali gosipoli. Ndama wadogo wasipewe. Nguruwe ndio kabisa: atakula wiki kadhaa akinenepa, kisha moyo unashindwa, anahema kwa shida na kufa ghafla, halafu mwenye banda anamshuku jirani kwa sumu.

Sasa hilo la "majani tu". Linanikera kwa sababu nalisikia kila mahali, na linaua mifugo. Hiyo gosipoli imetoka wapi kama si kwenye mmea? Utomvu wa njano wa shubiri ni dawa kali ya kuharisha, na watu wanawanywesha vifaranga ambao tayari wanaharisha. Anayekuuzia chupa isiyo na lebo hajui amekupa kiasi gani, wala hajapasua hata kuku mmoja aone ini analolisema.

Ubaya zaidi ni kwenye kideri, ugonjwa wa kuku uitwao pia mdondo. Kile huletwa na kirusi, hakina tiba, si ya majani wala ya dukani. Kundi likiugua, wengi wanakufa, wachache wanapona wenyewe, na sifa zote anapewa mwarobaini. Mwaka unaofuata mfugaji hachanji. Chanjo ya kideri iitwayo I-2 ni tone moja jichoni kila baada ya miezi 3, kwa kuku wazima, kabla ugonjwa haujafika.

Sikatai mimea. Majani ya mlonge yaliyokaushwa kivulini ni chakula kizuri, na hukoleza unjano wa kiini. Mmea wa utupa nao unaua kupe kweli, ila kwa sumu ileile ambayo wavuvi haramu walitumia kuulia samaki. Wapo wanaopaka ng'ombe utupa asubuhi na kuwanywesha ziwani mchana, wakiwaswaga hadi maji ya kifuani, palepale watoto wanapochota maji ya kupikia. Anayeutumia asiwaingize ng'ombe ziwani. Awanyweshe kwenye birika mbali na ufukwe, na maji ya utupa yaliyobaki asiyamwage kwenye mfereji unaoelekea ziwani.