Goodbye ya Spice Girls: walimuimbia Geri au ilikuwa biashara ya Krismasi?

Mkuu umeuliza kama wimbo wa Goodbye wa Spice Girls, lile kundi la wasichana watano wa Uingereza, kweli ni wa kumuaga mwenzao Geri Halliwell aliyejitoa au walitaka tu kuuza Krismasi. Ni ya Geri, na iliuza pia, mi sioni kama moja inaiharibu nyingine.

Geri alitangaza kujitoa 31 Mei 1998 kupitia mwanasheria wake, na kabla ya hapo hakutokea kwenye shoo za Oslo, wenzake wakapanda stejini wanne mashabiki hawaelewi kuna nini. Juni wakaenda Marekani hivyohivyo wanne, na kule Nashville katikati ya ziara ndo wakaufanyia kazi huu wimbo, waliotunga nao ni Richard Stannard na Matt Rowe, walewale waliotunga nao Wannabe, singo yao ya kwanza. Kuna mistari ilishaandikwa tangu Geri yumo kundini, ilikuwa habari ya mapenzi yaliyovunjika, wakaigeuza ikawa yake. Ndo maana mi naamini haikutengenezwa ofisini.

Halafu wengi wanachanganya na Viva Forever kwa sababu ilitoka kama singo Julai 1998 mwenyewe ameshaondoka, ila ile ni ya albamu ya 1997 na sauti yake imo humo. Goodbye ndo singo yao ya kwanza bila yeye.

Sasa kwa nini inanigusa. Chuoni tulikuwa wasichana watano tunaimba kwenye send-off na harusi, mmoja wetu akajitoa shughuli ikiwa karibu kabisa, hakuaga, simu hapokei. Hakuwa mwenye sauti kali kutuzidi ila ndo aliyekuwa anaanzisha, sisi tunaingia nyuma yake, kwahiyo mazoezi ya kwanza bila yeye tulisimama tunaangaliana tu, kila mtu anamsubiri mwenzake aanze. Tukajaribu mmoja wetu aimbe kama yeye, ikawa mbaya sana, mpaka tulipogawana ile beti upya kila mtu kwa sauti yake ndo ikakaa. Na hasira tulikuwa nazo jamani, tungetunga wimbo wiki ile ungekuwa wa matusi mtupu.

Kwahiyo nikisikiliza Goodbye nasikia kazi waliyoifanya. Hakuna anayeigiza Geri, wamegawana mistari kila mmoja na sauti yake, Mel C, mmoja wa wale wanne, anapanda juu kule mwishoni, na maneno hayana lawama hata kidogo, wanamtakia heri na wanamwachia mlango wazi. Miezi michache tu baada ya mtu kukuacha katikati ya ziara! Mimi nisingeweza.

Ilitoka Desemba 1998 ikawa namba moja Uingereza wiki ya Krismasi, ya tatu mfululizo baada ya 2 Become 1 mwaka 1996 na Too Much 1997, hakuna kundi lililofanya hivyo tangu The Beatles. Geri alirudi kwenye ziara ya 2007, na 2019 pale Wembley akawaomba msamaha mbele ya uwanja mzima kwa kuondoka kule.

We chukua earphone, anza na Viva Forever halafu unganisha Goodbye hapohapo, sikiliza zile sauti za nyuma, utanielewa.