Betri ya Boti Wakati wa Kusi

SWALI: Mhariri, kila kusi ikichafuka huipandisha boti yangu ya mashine pwani hapa Shela, nikaiacha betri humo ikiwa imejaa chaji. Nikiishusha tena boti, betri imekufa. Kwa nini? – Msomaji, Lamu

JIBU: Betri ya risasi na asidi hupoteza chaji hata isipotumika, na joto letu huharakisha upotevu huo; ikikaa tupu kwa wiki kadhaa, salfeti (chembe ngumu za risasi na asidi) huganda kwenye bamba zake, nayo haishiki chaji tena. Ifungue ukianza na waya wa hasi, uitoe botini, uiweke kivulini penye hewa na uipime kila mwezi: betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imetulia, husoma takriban 12.6 au zaidi, na ikishuka hadi 12.4 irudishe kwenye chaja. Kama ina vifuniko vya kufunguka, ongeza maji yaliyosafishwa ya betri, si asidi, wala si ya kisima, ambayo aghalabu yana chumvi. Unga wa kijani kwenye vichwa vyake uoshe kwa magadi soda yaliyoyeyushwa majini, vifuniko vikiwa vimekazwa.

Nchi za baridi huhofia maji kuganda ndani ya mashine. Adui yetu ni chumvi, hivyo ipitishie mashine maji matamu kabla ya kuipumzisha, na uitoe petroli iliyobaki ndani ya kabureta.