Kurithi kazi ya mzee bila kutumia mabavu

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu baba yangu alijulikana kijijini kwetu kwa kuwazuia vijana wasimpige mwizi aliyekamatwa, na kwa kuwakalisha mkulima na mfugaji mpaka wakubaliane fidia ya shamba lililoliwa na ng'ombe. Sasa watu wanakuja kwangu, lakini wenzangu wa rika langu wanasema huo ni woga uliopitwa na wakati. Je, wajukuu wa Mahatma Gandhi, yule kiongozi wa India aliyepigania haki bila mabavu, waliendelezaje kazi ya babu yao? – Msomaji, Nzega, Tabora.

JIBU: Ndugu yetu wa Nzega, pole kwa kuondokewa na mzee. Mfano ulio karibu nasi ni wa Ela Gandhi, aliyezaliwa mwaka 1940 na kukulia Phoenix, karibu na Durban, Afrika Kusini, katika makazi yaliyoanzishwa na babu yake mwaka 1904. Gandhi aliondoka nchini humo mwaka 1914, na aliyekuja kuibeba kazi ni mwanawe Manilal, baba yake Ela, ambaye alihariri Indian Opinion, gazeti lililoanzishwa na Gandhi huko huko, tangu mwaka 1920 hadi alipofariki mwaka 1956, kisha mjane wake Sushila akalipokea. Urithi ule, basi, ulikaa zaidi katika kazi ya kuchosha ya kuandika, kuchapa na kusambaza gazeti kuliko katika hotuba. Wala haukuwa woga, kwa maana Manilal alifungwa jela zaidi ya mara moja.

Ela naye, katika miaka ya 1970, aliwekewa amri ya serikali ya makaburu akazuiliwa nyumbani kwa miaka kadhaa. Mtu wa amri hiyo hakuruhusiwa kuhudhuria mikutano, wala maneno yake kunukuliwa gazetini. Mwaka 1985 Phoenix iliteketezwa katika ghasia, na baadaye mmoja wa wanawe akauawa. Nani atamwambia mama huyo kwamba anakataa mabavu kwa sababu hajaonja uchungu? Alikuwa mbunge tangu mwaka 1994 hadi 2004, na akajitolea pia kupambana na ukatili wa majumbani, yaani alichagua uwanja wake mwenyewe badala ya kumwiga babu katika kila jambo.

Wenzako wakidai kwamba mambo haya ni ya ng'ambo, wakumbushe kuwa Januari 1958, hapo hapo Tabora, Mwalimu Nyerere aliwashawishi wajumbe wa TANU waingie katika uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, ingawa masharti yake yaliwaudhi, kuliko kuususia na kuhatarisha amani.

Hata hivyo, wasikilize pia. Kijana anayeona fidia imeahidiwa na haijalipwa ana haki ya kukasirika. Kila mnapopatana, andikeni kiasi na tarehe mbele ya mtendaji wa kijiji na mashahidi wa pande zote mbili, nawe ufuatilie mpaka mkulima apokee chake mkononi.